Bunduki Fupi Husalimiwa Kwanza

Mwezi uliopita niliirudisha bunduki fupi ghalani, nikatia saini, nikatoka nje. Bega langu la kulia halikujua lifanye nini. Nilisimama uani pa ofisi, jua la Dodoma likinichoma utosi, nikajisikia mwepesi kama mtu aliyetua debe la maji kichwani. Ninyi mnaobaki kazini mliniomba niwaachie maneno. Vyeo na mishahara sitavigusa: vilikuja kwa mwendo wa kinyonga, na kila mtumishi ana hadithi yake hiyo hiyo. Nitaandika habari za bunduki, kwa sababu ndiyo niliyoishi nayo, na kwa sababu kuna siku moja kule Hombolo ambayo mpaka leo nikiikumbuka namshukuru Mungu kwa sauti, hata nikiwa peke yangu bafuni. Mke wangu alishazoea.

Mimi ni Mrangi wa Kondoa. Nilipopangiwa Dodoma kuwa askari wa wanyamapori nilidhani nitapewa bunduki ndefu na gari, nikafukuzane na majangili. Mkuu wa kituo akanipeleka nyuma ya ghala kwa Mzee Chilewa, Mgogo mmoja mkimya aliyekuwa amekaa juu ya gunia akisugua kitu kifupi kwa kitambaa.

"Shikamoo, mzee," nikamwamkia.

"Marahaba. Umekuja na mikono?"

"Ninayo, mzee."

"Kaioshe. Ina mafuta ya chapati."

Hiyo ndiyo ilikuwa hotuba yangu ya kukaribishwa kazini. Nilipotoka bombani alinipa kile kitu nikishike. Ilikuwa bunduki, lakini si kama zile nilizofundishwa chuoni. Mtutu wake ulikuwa mfupi, na chini ya kitako, pale penye triga, palikuwa na mkono wa chuma wenye tundu la kuingiza vidole. Unausukuma mbele, ganda la risasi iliyokwisha linaruka nje. Unaurudisha, risasi mpya inaingia. Risasi zenyewe hukaa ndani ya bomba chini ya mtutu, moja nyuma ya nyingine kama watu kwenye foleni. Mzungu mmoja mkulima aliiacha alipoondoka nchini, na serikali ikairithi pamoja na trekta lililokufa. Trekta bado liko pale lilipofia.

"Hii ni ya kazi za karibu," Mzee Chilewa aliniambia. "Tembo na nyati wana bunduki zao ndefu. Hii ni ya mnyama aliyeingia kwa watu. Ndani ya zizi, kwenye miiba, kati ya nyumba na nyumba. Bunduki ndefu humo utagonga ukuta kabla hujageuka."

Alinifundisha mambo yake polepole, na mengine nayaandika hapa kwa sababu hayamo katika vitabu mlivyosoma. Risasi za bunduki hii ziwe na kichwa butu, siku zote. Kwenye lile bomba ncha ya moja hutazama kisogo cha mwenzake, na ukiweka zenye kichwa kilichochongoka, siku gari likirukaruka njiani unaweza kusikia mlipuko mapajani mwako. Usijaribu kupiga ukiwa umelala kifudifudi, maana ule mkono wa chuma utachimba ardhi. Piga goti. Na ukitaka kuegemeza, egemeza mbao iliyo chini ya mtutu, usiegemeze mtutu wenyewe. Mtutu ukikaa juu ya kitu kigumu huruka, na risasi inakwenda juu kumtafuta Mungu.

Wiki za kwanza hakunipa risasi hata moja. Alikuwa ananiwekea punje ya mtama juu ya mtutu mtupu, karibu na mdomo, kisha ananiambia nivute triga. Punje ikianguka, narudia. Ilianguka sana. Kuku wa mke wa mlinzi walinenepa kwa ajili yangu.

Kulenga kwenyewe tulikwenda kufanyia upande wa Ihumwa, kwenye shimo la zamani la kuchimba kokoto, mbali kidogo na reli. Treni ikisikika tulikuwa tunaweka bunduki chini mpaka ipite yote, na treni za mizigo za wakati ule zilikuwa hazina haraka. Mzee alichora duara kwa mkaa kwenye boksi la sabuni, akaliegemeza kwenye ukuta wa udongo. Nilipoishika bunduki nikaona kasoro. Kilengeo cha mbele, kile kichuma kidogo kinachosimama mdomoni mwa mtutu, hakikuwa katikati. Kilikuwa kimesogea kulia, unene wa punje ya mtama hivi.

"Mzee, hiki kimepinda."

"Piga."

Nikapiga. Tundu likatokea katikati ya duara. Nikasukuma mkono, nikapiga tena. Pale pale.

"Mtutu ndio uliopinda kidogo tangu huko ulikotoka," akasema. "Kilengeo kinaufuata. Ukikikuta katikati, ujue kuna mtu amekiharibu." Kisha akanipa kanuni ambayo nimeikariri kuliko sala nyingine: kilengeo cha mbele hulifuata kosa, kilengeo cha nyuma hulikimbia. Risasi zikienda kulia, sogeza cha mbele kulia. Kwa kazi hiyo alikuwa na kipande cha shaba alichokikata kwenye komeo la mlango wa zamani, kimefungwa kwa kamba kwenye mkanda wa bunduki. Shaba ni laini, haiumizi chuma. Unakiweka ubavuni mwa kilengeo, unakigonga kwa jiwe taratibu.

Halafu kulikuwa na salamu. Kabla ya kwenda kwenye tukio lolote, Mzee Chilewa alikuwa anatafuta kichuguu au ukingo wa korongo, anatia alama, anapima kwa macho umbali kama ule atakaoukuta mbele, anapiga risasi moja. Kabla ya kupiga husema kimoyomoyo, "Mbukwa," kama Wagogo wanavyosalimiana. Siku ya kwanza nilicheka. Hakukasirika.

"Wewe ukienda kwa mtu kuomba jembe unaanza kuomba tu?"

"Hapana, mzee. Nasalimia."

"Basi. Utamjua hali yake kwa anavyoitikia. Mgonjwa humtumi kazi."

Miaka iliyofuata sehemu kubwa haikuwa ya kuua chochote. Watu wa vijijini walikuwa wanatuita Bwana Nyama, na kila nilikofika kuna mtu aliyeniuliza nyama iko wapi. Wakulima wa zabibu wa Hombolo walikuwa wananiita kwa ajili ya tumbili. Ukienda na bunduki, tumbili hakuna. Ukiiacha kwenye gari ukaenda na jembe, wako juu ya mizabibu wanachagua zilizoiva. Mkulima mmoja alinishauri niivalishe bunduki nguo ya mwanamke. Nilimwambia kanuni za serikali haziruhusu, na nadhani hata sasa anaamini kuna kanuni hiyo.

Mzee Chilewa akastaafu, akaenda kulima zabibu zake mwenyewe na kuwalaani tumbili kama raia wengine. Bunduki fupi ikabaki mikononi mwangu, na kipande chake cha shaba.

Sasa nifike kwenye siku yenyewe. Mnaijua Dodoma, hata ya wakati ule: mji wa serikali, na penye serikali pana ugeni. Ukisikia wageni wanakuja, mawe yanapakwa chokaa, miti inapakwa chokaa, na mtu akisimama sana mahali pamoja naye atapakwa. Mtunza ghala wetu alikuwa Bi Stella, mama mmoja msafi kupita kiasi, anayepanga hata mafagio kwa urefu. Wiki hiyo ya ugeni alizitoa bunduki zote, akazisugua, akazipaka mafuta meusi, akazipanga ukutani. Akaikuta fupi ina kilengeo kilichokaa upande. Ikamkera. Akachukua nyundo ndogo na kijiti, akakinyoosha mpaka kikasimama katikati kama mwanafunzi mstarini. Haya niliyajua baadaye, lakini nayaweka hapa mahali pake. Wageni walipita, wakasifu ghala, wakaenda kunywa soda.

Asubuhi ya pili yake simu ikapigwa kutoka kitongoji kimoja kando ya Hombolo. Fisi alikuwa anatembea mchana kweupe. Ninyi mnajua maana yake: fisi mwenye akili zake mchana amelala. Huyu alikuwa anayumba, mate yanamtoka, amekwisha kuuma mbwa, na amewauma wachungaji wawili waliokuwa wanapeleka ng'ombe majini. Nilichukua bunduki, nikaiangalia haraka, nikaona inang'aa na imenyooka. Jicho la binadamu likiona kitu kimenyooka hutulia. Tukaondoka, mimi na dereva.

Tulipofika, watu walikuwa wamesimama mbali na nyumba moja ya tembe, wameshika mikuki na magongo, hakuna anayesogea. Nisiwasimange: ningekuwa wao nisingesogea pia. Wengine walinong'ona kwamba yule si fisi wa Mungu, ana mwenyewe. Mwanamume mmoja alikuja mbio, miguu mitupu.

"Bwana Nyama, yumo uani kwangu! Mama yangu yumo ndani na mwanangu Sechelela. Mlango hauna komeo, lilivunjika juzi. Mama ameushikilia!"

Huyo aliitwa Ndahani. Mkewe alikuwa kisimani, na sasa alikuwa amekaa chini katikati ya wanawake wenzake, hata kulia hawezi. Nilichungulia kwenye miiba ya zizi lililopakana na ua wake. Fisi alikuwa anazunguka ule ua mdogo, anagonga ukuta kwa bega, anafika mlangoni, anausukuma kwa kichwa, anaondoka, anarudi. Kila akisukuma, ubao ulifunguka upana wa vidole viwili, kisha ukarudi. Ndani kuna mtu mzima anayechoka.

Mkono wangu ulikuwa tayari kwenye bunduki. Kutoka pale kwenye miiba mpaka mlangoni ni hatua kama thelathini. Nilitaka kupiga. Nawaambia ukweli, kila kiungo cha mwili wangu kilitaka kupiga palepale. Lakini nilikuwa sijaisalimia.

Nikageuka, nikaenda nyuma ya zizi kwenye ukingo wa korongo. Nikachora alama kwa mkaa juu ya udongo, nikarudi nyuma umbali ule ule, nikapiga goti. Ndahani akanifuata, akanishika mkono.

"Unafanya nini? Unapiga udongo na mwanangu yuko ndani?"

"Niachie, ndugu yangu. Risasi moja."

"Utamtia wazimu zaidi yule!"

"Niachie."

Akaniachia, lakini kwa namna ambayo sijaisahau, kama mtu anayemwachia mwizi kwa sababu polisi wamesema. Nikasema mbukwa kimoyomoyo, nikapiga. Wanawake wakapiga yowe. Kule ndani mtoto akaanza kulia kwa sauti kali, na fisi tukamsikia akijitupa mlangoni.

Alama yangu haikuwa na kitu. Tundu lilikuwa kulia kwake, zaidi ya shibiri.

Nikaitazama bunduki, safari hii nikitazama kweli, nikakiona kilengeo kimesimama katikati, kizuri, kimepakwa mafuta. Nikafuta mafuta kwa kidole gumba, nikauona mkwaruzo ambao Mzee Chilewa aliuchora ubavuni mwa mtutu kuonyesha mahali kilengeo kinapotakiwa kukaa. Sikuwa na muda wa kujiuliza nani. Nikashika kipande cha shaba, nikaokota jiwe, nikagonga. Kilengeo cha mbele hulifuata kosa. Nikagonga tena, taratibu, watu wakinipigia kelele kwamba Bwana Nyama amechanganyikiwa, anafanya ufundi wakati watu wanakufa. Kilipofika kwenye mkwaruzo nikapiga goti, nikapiga mara ya pili. Tundu likaingia kwenye alama.

Nilirudi kwenye miiba mbio. Milio ilikuwa imemfanya fisi aache mlango. Alikuwa amesimama pembeni yake, mgongo wake kwenye ukuta, kifua chake kinanitazama, kichwa kimening'inia. Nyuma yake ukuta wa tembe, udongo na magogo, mnene wa kuzuia risasi. Upande wangu wa kulia, karibu naye sana, mlango. Nikaegemeza mbao ya bunduki kwenye mti wa mlalo wa zizi. Nikakumbuka punje ya mtama, nikavuta triga kama vile bado iko juu ya mtutu.

Alikaa chini kwanza, kama mtu aliyechoka, kisha akalala. Nikasukuma mkono, nikangoja. Hakuamka tena.

Ndahani aliniruka, akampita fisi kwa mbali kama nilivyomkataza asimguse, akaita. Mlango haukufunguka. Akaita tena. Kisha sauti ya kikongwe ikatoka ndani, "Ngoja niondoke, nimekaa." Tukasikia anajivuta. Ubao ukafunguka, na Bibi Mbeleje akatoka akiwa amempakata mjukuu wake, wote wamejaa vumbi. Mtoto alikuwa amelia mpaka kwikwi. Hakuna aliyekuwa na mkwaruzo.

"Ulikuwa umekaa wapi, mama?" Ndahani akamuuliza.

"Hapo hapo mlangoni. Nimeuegemea kwa mgongo, mtoto mapajani. Mikono ingeweza wapi?"

Ndahani alitazama mlango. Akatazama mahali fisi alipolala. Kisha akaniomba nimpeleke kule korongoni. Akaweka kiganja chake kati ya alama yangu na lile tundu la kwanza, akakinyanyua hivyo hivyo bila kukunja vidole, akarudi nacho mpaka nyumbani, akakiweka kuanzia pale kifua cha fisi kilipokuwa. Ncha ya kidole chake ilivuka ukuta, ikaingia kwenye ubao. Akakaa chini palepale, karibu na mzoga, na mimi nikakaa. Nilifurahi mno.

Wale wachungaji wawili walikwenda hospitali siku hiyo hiyo wakachomwa sindano zote, wakapona. Watu wa mifugo walichukua kichwa cha fisi kupima kama alikuwa na kichaa cha mbwa, na mwili tukaufukia kwenye shimo refu. Nasisitiza urefu, kwa sababu kulikuwa na mtu aliyetaka mkia.

Nilipomweleza Bi Stella, alikaa juu ya sanduku la risasi akalia mpaka ikawa mimi ndiye ninayembembeleza. Sikuwa na hasira. Angewezaje kuacha kitu kikiwa upande, yeye ambaye hata ufagio ukilala unamkosesha usingizi? Siku iliyofuata alikuja na chupa yake ya rangi ya kucha, nyekundu, akapaka mstari mmoja mwembamba kutoka kwenye kilengeo mpaka kwenye mtutu. Kikisogea hata kidogo, mstari unakatika. Kila mwaka aliupaka upya. Ndiyo maana bunduki ile ina rangi ya kucha, enyi mliokuwa mnacheka, na mkiifuta nitarudi kutoka kwenye pensheni.

Kwa Mzee Chilewa nilikwenda jioni ya wiki ile. Alikuwa anafunga mizabibu.

"Uliisalimia?"

"Niliisalimia."

"Ikaitikiaje?"

"Vibaya, mzee."

"Na ukasikia," akasema, akaendelea kufunga. Lakini niliona ameikaza kamba mpaka ikakatika.

Nilipoirudisha, mwezi uliopita, nilimkabidhi Neema, afisa wetu mpya. Kwanza tulikwenda Ihumwa. Treni ya umeme ilipita, tukaweka bunduki chini ingawa ilikwisha kabla sijamaliza sentensi. Neema akapiga goti, midomo ikamchezacheza, akapiga, na tundu likatokea alipotazama. Sikumuuliza alisema nini. Nilishusha pumzi ndefu mpaka akageuka kuniuliza kama naumwa.

Jumapili iliyofuata nikaenda Hombolo kuaga. Bibi Mbeleje alishafariki, kwa uzee wake, kitandani kwake. Ndahani ana mvi. Amejenga nyumba ya bati, lakini ule mlango wa zamani aliung'oa kwenye tembe akautia kwenye nyumba mpya, ingawa haulingani na fremu na unaingiza vumbi. Alinishika mkono kama siku ile, ila safari hii taratibu, akaniongoza mpaka mbele ya mlango huo. Mlangoni alikuwa amesimama Sechelela, mama wa mtu sasa, ana mtoto mgongoni, amekuja kusalimia wazazi.

"Sogea kidogo, mwanangu," Ndahani akamwambia. "Nataka Bwana Nyama aone."

Sechelela akasogea. Nikapitisha kiganja kwenye ule ubao, kuanzia ukingoni mpaka ndani, zaidi ya shibiri. Ulikuwa mzima.